Koti Nililolifua

Mjukuu wangu ameketi kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani, na nimemwonya mara mbili kwamba ataandika nisemavyo mimi, si aonavyo yeye kuwa inapendeza. Sikusoma hata darasa moja. Kiswahili changu nilikipata mtaa wa Kaloleni, hapa Kisumu, kwa mama mmoja Mwislamu niliyemfulia nguo kabla sijaolewa na tena baada ya kufiwa. Mama yule hakuvumilia doa kwenye shuka wala kosa kwenye sentensi. Kwa hiyo neno ninalotaka kusema nalijua, na mahali pake napajua. Kinachonishinda ni kulisema nikiwa nimeketi. Tangu asubuhi nimefagia ua uliokwisha kufagiliwa, nimefunua sufuria isiyokuwa na kitu, nimekwenda mpaka langoni na kurudi. Mjukuu ananifuata kwa macho kama mtu anayemtazama kuku aliyekosa mahali pa kutaga.

Binti yangu, ambaye ni mama yake huyu anayeandika, ni mtunzi wa vitabu. Ametoa vitatu. Viwili vya kwanza nilivishika mkononi, nikavipangusa vumbi, nikavirudisha kabatini. Cha tatu ndicho kilichoniondolea utulivu, nami sikujua kilichomo mpaka nilipokisikia redioni.

Nilikuwa nyumbani Seme siku hiyo. Huku Nyamasaria kwa binti yangu hukaa wiki tatu kwa ajili ya dawa za magoti, kisha wiki moja narudi kwangu, mahali ninapoweza kuliona ziwa nikiwa mlangoni. Nilikuwa nachambua mtama, redio imewashwa. Mtangazaji alimuuliza binti yangu kitu gani kilichomsukuma kuandika kitabu kile. Akajibu kwa sauti yake nzuri, ile anayoitumia kwa wageni: "Ni mama yangu mzazi. Nilipokuwa na miaka minane, baba akafariki, na mwanamume mmoja wa ukoo akaja kumrithi mama kwa nguvu. Mama akalitupa koti lake nje, matopeni. Niliona kwa macho yangu. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya mwandishi."

Nikaacha mtama. Katika kijiji chetu hakuna mtu mzima asiyejua koti lile lilikuwa la nani.

Nilipofika Nyamasaria nilimwamuru mjukuu anisomee kitabu chote. Alisoma siku nne, mimi nikizunguka meza. Mwanamume wa kitabuni ana macho ya fisi. Anausukuma mlango kwa bega, ananuka pombe, anaangika koti lake kwenye msumari kana kwamba nyumba ni yake. Mwanamke anachukua koti, anafungua mlango, analirusha. Kisha anamwita bintiye, anafungua fundo la leso, anatoa kipande cha sukari nguru, anakivunja mara mbili, na wawili hao wanakula wakitazamana. Mjukuu alipofika hapo aliinua macho. Aliniambia huo ndio ukurasa ambao watu husema umewaliza.

"Dani," akaniuliza, maana kwetu bibi huitwa hivyo, "ulikuwa hivi kweli?"

Nikamwambia aendelee kusoma. Sikumjibu, na sababu ya kutomjibu nitaisema sasa, kwa kuwa nimeahidi kusema yote: nilipendezwa. Mwanamke yule wa kitabuni alikuwa mrefu kunishinda, hana woga, na alikuwa amepewa uso wangu. Kwa siku nne nilitembea nikiuvaa uso ule, ingawa nilijua kuwa si wangu.

Yaliyotokea ni haya. Mume wangu alipofariki, aliniachia msichana huyo wa miaka minane na mvulana wa kunyonya. Kwa desturi yetu mjane hakuwa huru. Hakuingia nyumba ya mtu, hakupanda mbegu, hakuezeka upya paa lake, mpaka ndugu wa marehemu aje alale nyumbani mwake. Wazee walimchagua binamu wa mume wangu, mwanamume mpole aliyekata miwa Muhoroni na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Hakuwa mnywaji. Alikuwa wa kanisa lililokataza jambo hilo, na alikuwa na mke mmoja aliyemtosha. Lakini kuwakatalia wazee hakuweza, na mimi pia sikuweza, kwa sababu mvua zilikuwa zimekaribia na shamba langu lilikuwa tupu.

Mke wake ndiye aliyelitatua. Kwetu wake wa ndugu huitana nyieka, yaani mke mwenza, hata kama kila mmoja ana mume wake. Nyieka wangu alikuja mchana kweupe, karai la omena, wale dagaa wa ziwa letu, kichwani, na chini ya omena, ndani ya gunia, koti la mumewe.

"Mwenyewe hataki," aliniambia. "Na wewe?"

"Mimi nataka kupanda mahindi."

"Basi panda. Koti litalala hapa, mwenyewe atalala kwangu. Mama mkwe akija alfajiri kuchungulia ataliona kwenye msumari. Macho yake ni mabovu, lakini hilo analijua, ndiye aliyelishonea vifungo."

"Na wakigundua?"

"Nani atawaambia? Koti?"

Tukacheka, mjane na asiye mjane, mpaka mtoto wangu mchanga akaamka. Kabla ya kuondoka alitoa kipande cha sabuni kwenye kifundo cha nguo yake, akakiweka juu ya jiwe la kusagia. "Wewe ni mfuaji," akasema. "Usinirudishie likiwa na jasho hivi."

Mama mkwe alikuja alfajiri, akachungulia, akaliona koti, akaondoka akiwa ameridhika. Kulipokucha nililifua. Kabla ya kulitia majini nilipekua mifuko, maana mfuaji asiyepekua mifuko si mfuaji, na nilichokikuta humo nitakieleza baadaye. Nililianika kwenye kamba. Upepo wa ziwa ukalichukua ukalitupa langoni, penye tope la ng'ombe. Nilipotoka nikalikuta hapo, nikaliinua kwa vidole viwili, mkono nimeunyoosha mbali nisichafuke, uso nimeukunja. Binti yangu alikuwa anarudi kuteka maji. Aliona koti la mwanamume liko matopeni, na mama yake amekasirika. Nilikuwa nimekasirika kweli, lakini hasira yangu ilikuwa kwa upepo.

Hakuniuliza kitu. Sikumweleza kitu. Mambo hayo hayakuelezwa watoto, na siri ile ilikuwa ya wanawake wawili. Yule mwanamume aliniezekea paa, akaja kila mwaka kuangalia ukuta, wala hakuvuka kizingiti changu. Kijiji kilimhesabu kuwa mrithi wangu. Binti yangu alimhesabu kuwa mtu aliyefukuzwa ambaye bado ananyemelea. Sasa ni marehemu, miaka kadhaa imepita, na hana kinywa cha kujitetea.

Safari iliyofuata nilikwenda kwa nyieka wangu kabla sijafungua hata mlango wangu. Nilimkuta uani akitandaza omena kwenye wavu. Kwa kawaida huniletea kigoda kabla sijafika. Safari hii hakuinua kichwa.

"Karibu," akasema, "ewe mtupa makoti."

"Sikuandika mimi."

"Hukuandika kwa sababu kuandika hujui. Kusema je, umesahau?"

Nikasimama juani. Akaendelea kutandaza, samaki mmoja mmoja, kana kwamba anawahesabu.

"Wajukuu wangu wanaulizwa shuleni kama babu yao alikuwa akivunja milango ya wajane," akasema. "Juzi kasisi ameniuliza. Kasisi! Mwanamume ambaye hata panya alimfungulia mlango. Wewe unajua alilala wapi. Mimi najua. Wa tatu amefukiwa pale nyuma ya nyumba. Unangoja na mimi nifukiwe?"

"Nikisema, wazee watajua tuliwadanganya. Mwanangu wa kiume ndiyo kwanza amefungua boma lake mwaka huu. Watasema kila kilichojengwa baada ya koti lile kimejengwa juu ya uongo."

"Haya. Mlinde mwanao." Hapo ndipo aliponitazama. "Lakini usije tena hapa na hayo magoti yako ukitaka chai."

Sijawahi kufukuzwa kwa maneno machache namna hiyo. Zaidi ya miaka arobaini mimi na yule mama tumepeana moto, chumvi, na watoto wa kuwafunga mgongoni. Nilirudi Nyamasaria kabla wiki haijaisha, na hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kukataa kutulia. Nikiketi, niliinuka. Nikila, nilisahau kijiko sebuleni. Nilijaribu kumwambia binti yangu mara tatu. Mara ya kwanza simu yake ililia. Mara ya pili nilibadili maneno njiani nikamuuliza kuhusu bei ya unga. Mara ya tatu nilimkuta jikoni.

"Yule mwanamume," nikamwambia, "hakusukuma mlango."

"Mama, ni riwaya. Nilibadilisha hata majina."

"Redioni haikuwa riwaya. Redioni ulisema ni mimi."

"Ile ni kukiuza kitabu tu. Watu wanapenda kujua kilikotoka."

"Basi umemuuza mtu pamoja nacho."

Alicheka, akanipiga begani polepole kama anavyompiga mtoto anayelalamika, akasema kuna mkutano wa wanawake waandishi huko Milimani Jumamosi, na kwamba nitakaa mbele, na kwamba wasichana wa shule wanatamani kuniona. Nikamwambia nitakwenda kwa sharti moja: nyieka wangu aletwe kutoka Seme. Alifurahi. Alidhani nataka shahidi wa ushujaa wangu.

Nyieka alikubali kuja. Sijui kwa nini. Aliingia garini akiwa amevaa sare ya kina mama wa kanisa, akamsalimu binti yangu, akamsalimu mjukuu, na mimi akaniruka.

Boma lile la Milimani lina miti mirefu na nyasi zilizokatwa kama nywele. Waandishi walikuwa watano, wameketi kwenye mstari, na kila mmoja aliulizwa kilichomsukuma kuandika. Mmoja, muuguzi, alisema aliandika kwa sababu wagonjwa waliokufa wodini mwake waliitwa kwa namba za vitanda, naye akaona aibu. Mwingine alisema mafuriko yaliingia nyumbani mwake, na maji yalipoondoka akaanza kuorodhesha vitu vilivyopotea, orodha ikawa hadithi. Kijana mmoja mwenye miwani alisema maneno humjia yenyewe kutoka mbinguni. Niliwaamini wawili wa kwanza. Nilijiambia kwamba kitabu hutoka kwenye jambo ambalo mtu hakuweza kulinyamazia, na kwamba hata binti yangu hakudanganya kuhusu hilo. Kweli aliona koti. Kweli alibeba picha ile miaka yote. Aliyemdanganya ni mimi, kwa kunyamaza.

Zamu yake ilipofika alisoma ukurasa wa koti. Anasoma vizuri, sitamnyima hilo. Wasichana walishika vifua. Nyieka wangu alitazama mikono yake mapajani. Alipomaliza, wakapiga makofi, wakanielekezea nyuso zote, na msichana mmoja mwembamba aliyevaa sweta ya shule akasimama.

"Dani, shikamoo. Ulipolitupa lile koti, ulijisikiaje moyoni?"

Walinipa kipaza sauti. Kilikuwa kizito. Nilijua kwamba nikisema "nilijisikia huru" tutarudi nyumbani tukiwa na furaha, na mwanangu atalala salama katika boma lake, na nyieka wangu atashuka garini Seme na hatanisemesha tena mpaka mmoja wetu afe.

"Sikulitupa," nikasema. "Nililifua."

Binti yangu akageuka.

"Mwenye koti hakuingia nyumbani mwangu siku hiyo wala siku nyingine. Mkewe ndiye aliyelileta, ili niachiliwe nipande. Tuliwadanganya wazee, sisi wawili. Koti liliangushwa na upepo. Mtoto aliliona, nami sikumweleza. Mwanamume yule alikuwa mtu mwema, na aliyeandikwa humo si yeye."

Kisha nyieka wangu, bila kipaza sauti, kwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuita mtumbwi ulio mbali, akasema:

"Na sabuni ilikuwa yangu!"

Sijui aliyeanza kucheka. Nadhani ni yule muuguzi. Wasichana wakafuata, na msichana mwembamba akabaki amesimama, hajui kama aketi. Nikamwambia aketi. Binti yangu hakucheka. Alifunga kitabu, akakiweka mapajani, jalada likiangalia chini.

Tulimrudisha nyieka Seme kwanza. Njia nzima aliongea na mjukuu kuhusu bei ya omena, akanishika goti alipokuwa akishuka. "Ukirudi, chai," akasema, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulipobaki sisi, binti yangu aliendesha mpaka karibu na Nyamasaria. Malori yalikuwa yanatoka upande wa Nairobi, akayapisha yote, hata yasiyohitaji kupishwa.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema mwishowe.

"Hukuniuliza. Uliandika."

"Nilikuwa na miaka minane!"

"Ulipoandika ulikuwa na miaka mingapi?"

Nilijua nimesema kwa ukali, na sikujua namna nyingine ya kusema. Alisimamisha gari kando ya barabara. Mjukuu, nyuma, alijifanya amelala.

"Mama," akasema, na safari hii haikuwa sauti ya wageni. "Sukari nguru ilikuwepo? Au na hiyo nimeiota?"

"Ilikuwepo."

"Ulinivunjia kipande."

"Nilikuvunjia."

Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyekuta chumba kimoja cha nyumba iliyoungua bado kimesimama. Ningeweza kumwachia. Nafsi yangu yote iliniambia nimwachie, kwa kuwa ukurasa ule ndio unaomfanya anipende mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kunyamaza kwangu kwa kwanza kulivyozaa.

"Ilikuwa mfukoni mwa koti," nikamwambia. "Imefungwa kwa karatasi ya gazeti, vipande viwili. Nilimuuliza mkewe kama niirudishe. Akasema mumewe aliitia humo kwa makusudi, kwa ajili ya watoto wa marehemu, maana alijua koti litalala kwao. Alikuja nayo kutoka Muhoroni."

Alilia akiwa ameshika usukani. Sikumgusa. Mimi si mtu wa kugusa. Nilifungua mlango nikatoka, nikatembea mbele ya gari, nikarudi, nikatembea tena.

Tangu siku ile hakuna aliyetulia. Mwanangu alinipigia simu akisema nimemwaibisha, kwamba wazee wanataka kikao, na kwamba mmoja wao amekwisha kukumbuka kila ng'ombe aliyekufa bila sababu tangu koti lile. Nimemwambia nitakuja, na nitasimama, na nyieka wangu atasimama pamoja nami. Wachapishaji wa binti yangu wanataka kujua kama kitabu kitachapwa tena kilivyo. Amewaambia wangoje. Ameomba maneno yangu haya yatangulie mbele, kabla ya ukurasa wa kwanza, ndiyo maana huyu mtoto amekaa hapa akinichosha kwa kuuliza kama aweke nukta.

Wiki iliyopita tulikwenda Seme, sisi watatu. Binti yangu alikuwa amekwenda kwanza mpaka Muhoroni peke yake, akanunua sukari nguru, akaifunga kwa karatasi ya gazeti. Alimkuta nyieka uani, kwenye wavu wake. Akapiga goti, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu aende chuo kikuu, akamnyooshea kifurushi kwa mikono miwili. Kalamu na daftari vilikuwa vikichungulia kwenye mkoba wake.

Nyieka aliangalia kifurushi, akaangalia mkoba.

"Weka hivyo chini," akasema. "Omena hawajageuzwa."

Binti yangu alivua viatu. Aligeuza omena, gauni lake zuri likichafuka magamba, tangu jua lilipokuwa juu ya paa mpaka kivuli kilipoufikia wavu. Nyieka akamsahihisha mara kwa mara, "si hivyo, utawavunja," naye akaanza upya. Hakuuliza lolote. Nilikuwa mlangoni, nikimtazama mwanangu akijifunza kungoja.

Walipomaliza, nyieka akavunja sukari nguru kwa jiwe, akampa kila mmoja wetu kipande. Akakionja chake kwa muda mrefu.

"Haifanani na ya zamani," akasema. "Lakini umefika. Uliza."

Binti yangu alitoa daftari. Nilidhani atauliza kuhusu siku ile, au kuhusu mimi. Akauliza kama anaweza kuliona koti.

"Tulimzika nalo," nyieka akasema. Akalamba kidole, akanielekeza kwa kidevu, mimi niliyekuwa nimesimama. "Mama yako ndiye aliyelifua siku ile pia. Andika hivyo. Andika kwamba lilikuwa safi."